Mama ana presha ya muda mrefu na sasa anasahau sana, hivi moyo na ubongo vinahusianaje?

MwanaRungwe

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi maana huku Uyole leo ni koti juu ya koti. Naomba msaada wa mawazo, na kama kuna wataalam wa afya humu ndani naomba mnisaidie, samahani maelezo yatakuwa marefu kidogo.

Mama yangu ana miaka 72, anaishi kijijini huko mbele ya Tukuyu na mdogo wangu wa mwisho pamoja na wajukuu. Presha anayo tangu sisi tuko shule ya msingi. Dawa huwa anakunywa akisikia kichwa kinauma au moyo unaenda mbio, hali ikitulia anaacha, anasema dawa nyingi zinaharibu figo. Ni mama ambaye kijiji kizima kinamjua kwa akili, alikuwa mweka hazina wa kikoba miaka mingi na hesabu zote zilikuwa kichwani, nani kakopa, nani kalipa, riba ya nani imefika wapi, daftari lilikuwa la kuwaonyesha wengine tu.

Tangu mwaka jana mambo yamebadilika. Alianza kuuliza kitu kimoja mara tatu mara nne, tukachukulia kawaida ya umri. Baadae akawa anatia chumvi kwenye mboga halafu anatia tena, anamwita mjukuu jina la marehemu mjomba, ndizi anabandika anaenda kukaa nje mpaka zinaungua. Sasa juzi kati ametoka kanisani, njia ile ile anayopita tangu ameolewa, akapotea. Kijana wa bodaboda ndo alimkuta amekaa pembeni ya barabara anasema anasubiri gari la Kyela, na Kyela hakuna anachoendea wala hatuna ndugu huko. Hapo ndo watoto wote tukashtuka.

Tukampeleka hospitali presha ikakutwa 186 kwa 104. Daktari akaandika dawa, halafu akasema huu usahaulifu unaweza kuwa umetokana na presha ya miaka mingi, na kama tunataka kuulinda ubongo wake tuanzie kwenye moyo na mishipa ya damu. Foleni ilikuwa kubwa sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi na tangu siku hiyo nawaza tu.

Nyumbani sasa hatuelewani. Kaka yetu mkubwa anasema ni uzee tumuache mama apumzike, mambo ya hospitali ni kumchosha. Shangazi anasema kuna watu wamemfanyia kitu kwa sababu ya lile shamba la chai na anataka tumpeleke kwa mganga. Mimi nimebaki na maneno ya daktari. Naomba kueleweshwa, presha ya moyo inafikaje mpaka kwenye kumbukumbu? Je akitumia dawa vizuri akili itarudi? Na sisi watoto je, mimi nina 44 na nilipopimwa mara ya mwisho walisema nipo mpakani.

Mbalizi One

Pole sana dada. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hivyo hivyo, mwisho akawa anapakia nguo kila asubuhi anasema anarudi kwao na kumbe yuko kwake. Hatukujua kama ni ugonjwa, tulikuwa tunamcheka kidogo kisha tunamkalisha. Nafuatilia hapa nijifunze na mimi.

Nesi Mstaafu

Kamwene. Pole mwanangu. Mimi ni nesi mstaafu niko Iringa, miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa klinik ya presha na kisukari kwa hiyo wazee wa namna ya mama yako nimewaona wengi. Huyo daktari amewapa neno zito kwa muda mfupi, ngoja nijaribu kulifungua.

Ubongo ni mdogo, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta, na hauna ghala la kuweka akiba, yaani ni lazima moyo uupelekee damu kila sekunde usiku na mchana. Damu inapanda kwa mishipa mikubwa ya shingoni, inagawanyika na kugawanyika mpaka inafika kwenye vimishipa vyembamba sana vilivyozama ndani kabisa ya ubongo. Wewe ni mtu wa Mbeya, unayajua mashamba ya mpunga ya Mbarali. Mfereji mkuu ukileta maji kwa nguvu kupita kiasi mwaka hadi mwaka, vijifereji vidogo kingo zinabomoka, tope linajaa, na majaruba ya mwisho kabisa ndo yanakauka kwanza wakati huku juu mtu anaona maji bado yanapita. Presha ya muda mrefu inafanya hivyo kwenye ubongo. Kuta za vimishipa vinavyochoka zinakuwa nene na ngumu, njia inakuwa nyembamba, na sehemu za ndani zinazolishwa na vimishipa hivyo zinapata damu kidogo kidogo mpaka zinaanza kufa.

Na hapa ndipo watu wengi hawajui. Sisi tumezoea kiharusi ni mtu kaanguka, mdomo umepinda, mkono umepooza. Kuna viharusi vidogo sana ambavyo havipoozi mkono wala havipindi mdomo, mtu anaamka anapika anaenda shamba, labda siku hiyo alihisi kizunguzungu tu akasema ni njaa. Kimoja peke yake hakionyeshi shida yoyote, vikija vingi kwa miaka ndo mtu anaanza kupungukiwa, anashindwa kupanga mambo, anafikiri taratibu, anapotea njia, na wakati mwingine anabadilika hata tabia, aliyekuwa mcheshi anakuwa mkimya au mkali. Hiyo kitaalam ni dimenshia inayotokana na mishipa ya damu, inashika nafasi ya pili baada ya ule ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu chembe za ubongo taratibu, ambao unachukua kama asilimia 60 mpaka 70 ya watu wenye dimenshia. Na wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja, ule wa Alzheimer unaendelea chini kwa chini na mishipa mibovu inauongezea nguvu.

Swali lako la kama akili itarudi nakujibu kama ningemjibu binti yangu. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa hairudi. Ila presha ikikaa vizuri unapunguza hatari ya viharusi vingine kuongezeka juu ya hivyo, na mzee anaweza kubaki pale alipo muda mrefu akiwa anajua nyumba yake na watoto wake, hilo si jambo dogo hata kidogo. Nimewaona waliokaa hivyo miaka.

Kaka yako mwambie kwa upole, uzee peke yake haumfanyi mtu apotee njia ya kanisani aliyoipita zaidi ya miaka 40. Mzee wa kawaida anasahau ameweka miwani wapi kisha anakumbuka jioni.

Msitu wa Mafinga

Samahanini wakuu mi kuna kitu sikielewi. Babu yangu ana miaka karibu 90, presha anayo tena kubwa, ulanzi, ile pombe ya mianzi, anakunywa kila msimu na anakumbuka mpaka bei ya ngano enzi za mkoloni. Na kuna mama jirani yetu hana presha hana sukari, mwembamba kabisa, lakini hajui hata mchana na usiku. Sasa hiyo habari ya presha inaingiaje? Si mtu anazaliwa na bahati yake tu? Naomba kueleweshwa sio kwamba nabisha.

Tabibu wa Kata

@Msitu wa Mafinga swali lako ni zuri na watu wengi wanalo ila hawaulizi. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku Mbozi, ngoja nijaribu.

Hatari sio hukumu. Wapo wanaovuta sigara maisha yote wasipate kansa na bado sigara inaleta kansa. Babu yako ana bahati, labda ya damu ya ukoo na labda ya kutembea milima miaka yote, ila ukichukua wazee wengi wenye presha na wengi wasio nayo tofauti inaonekana. Jarida la kitabibu la Lancet lina jopo la wataalam, ripoti yao ya 2024 imetaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Na ukiyaangalia hayo 14 nusu yake ni yale yale tunayowaambia watu kila siku klinik ya moyo: presha, kisukari, kolesteroli mbaya, unene, sigara, kukaa bila mazoezi na pombe kupita kiasi. Yanayobaki mengine ni kama masikio kutosikia vizuri, macho kutoona vizuri, upweke, sonona, kuumia kichwa, hewa chafu, elimu ndogo utotoni. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya dimenshia inabaki nje ya uwezo wetu, huyo mama jirani yenu anaweza kuwa upande huo, na hakuna alichokosea.

Sasa watu huuliza, sawa vinahusiana, ila kuna mtu alishathibitisha kwamba ukishusha presha dimenshia inapungua? Ndio. Marekani kulikuwa na utafiti wa SPRINT, watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 kwenda juu wenye presha, nusu wakalengwa ile namba ya juu ya presha iwe chini ya 140 na nusu iwe chini ya 120. Matokeo ya upande wa ubongo yalitoka 2019, waliolengwa 120 walipata ile hali ya awali ya kusahau kwa asilimia 19 pungufu. Kwenye dimenshia yenyewe tofauti ilikuwepo ila haikutosha kusema kwa uhakika, utafiti ulisimamishwa mapema.

Kilichonigusa zaidi mimi ni wa China uliotoka 2025, na ninawaambia kwa sababu ulifanyika vijijini sio kwenye mahospitali makubwa. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha ambayo haijadhibitiwa. Nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini ambao sio madaktari bingwa ndo walikuwa wanawapima, wanawapa dawa za bei nafuu, wanawafuatilia majumbani na kuwafundisha. Baada ya miaka 4 dimenshia kwenye vijiji hivyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kulinganisha na vijiji vingine. Hakukuwa na mashine kubwa wala dawa mpya ya ajabu, ni vidonge hivi hivi tulivyonavyo kituoni na mtu wa kuuliza mama umemeza leo. Nikisoma vitu kama hivyo nawaza zahanati zetu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii tulionao, hii kazi inawezekana hapa hapa.

Na msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea wakakuta kama 6 katika kila 100 wana dimenshia, na huko huko zaidi ya nusu ya wazee walikuwa na presha ila wengi hata hawajui kama wanayo.

@MwanaRungwe kwa mama yako kuna mambo nataka myaangalie kabla hamjafunga mjadala kwamba ni dimenshia. Kuna vitu vinafanana na dimenshia na vinatibika. Aliwahi kuanguka akagonga kichwa miezi ya karibuni? Damu inaweza kuvujia taratibu juu ya ubongo kwa mzee hata kwa kugonga kidogo. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona baada ya kufiwa, UTI yaani maambukizi ya njia ya mkojo ambayo kwa mzee inakuja na kuchanganyikiwa badala ya homa, hata VVU na kaswende vipimwe bila aibu. Na mkague dawa anazonunua mwenyewe dukani. Wazee wetu wanapenda Piriton, ile dawa ya mafua na aleji, ili walale, hiyo inamchanganya mzee akili. Diklofenaki ya maumivu ya magoti nayo inapandisha presha na kuumiza figo, halafu lawama anapewa dawa ya presha.

Kingine, msikimbilie kuishusha kwa wiki moja. Kwa mtu wa miaka 72 aliyezoea 180 ukimshusha ghafla ubongo wenyewe unakosa damu, akisimama anaona giza anaanguka anavunjika nyonga. Mpimeni akiwa amekaa kisha akiwa amesimama dakika chache, na daktari amwongezee dawa hatua kwa hatua. Lengo lake la presha lipangwe na daktari anayemjua, lile 120 la Marekani sio la kila mzee, kwanza kwenye ule utafiti wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa.

BintiMakete

Dada MwanaRungwe pole, nimesoma nikaona kama unamsema baba yangu. Sisi tuko Makete, baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kwake haikuwa presha peke yake, moyo wake ulikuwa unadunda hovyo bila mpangilio, yeye alikuwa anasema moyo unaruka ruka, tukawa tunampa maji ya kunywa akae kivulini. Alikuwa anakaa sawa miezi halafu siku moja anaamka ameshuka ngazi, hawezi kufunga vifungo vya shati, tena anakaa hapo miezi kisha anashuka nyingine. Haikuwa mteremko ni ngazi.

Hospitali moja ya misheni huku kwetu ndo walimpima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wakatuelewesha kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inakaa humo inaganda, bonge linaruka linaenda kuziba mshipa wa ubongo. Wakatuambia mtu mwenye moyo wa hivyo hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya mwingine. Akapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, ambayo lazima urudi kupima damu mara kwa mara na usumbufu wa usafiri wa Makete mnaujua masika, lakini tangu aanze hajashuka ngazi nyingine. Kwa hiyo muombe daktari amshike mapigo mama na apimwe ECG, ni kipimo cha muda mfupi hakiumi.

La shangazi nataka niseme kwa uzito. Baba alikuwa anatoka usiku anatembea. Usiku mmoja akakutwa kwenye uwanja wa jirani amesimama hajui yuko wapi. Kesho yake maneno yakaanza, mzee anawanga. Mnajua nchi hii wazee wangapi wameumizwa kwa maneno kama hayo, hasa wamama wazee. Kaka zangu walienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakaenda na kwa mchungaji, wakaeleza wazi mbele ya watu kwamba baba ni mgonjwa, ubongo umekosa damu, na cheti cha hospitali wakaonyesha. Jumapili mchungaji akalisema kanisani. Sasa hivi majirani wakimkuta wanamshika mkono wanamrudisha na wanamwita mwalimu kama zamani. Mfanye hivyo mapema kabla mama hajatoka usiku. Kwa mganga hakuna dawa ya mshipa ulioziba na mtapoteza muda ambao mama hana.

Nesi Mstaafu

Ubarikiwe BintiMakete, hilo la kuwaambia majirani mimi nilikuwa sijaliwaza kuliandika na ni kubwa kuliko vidonge.

Naongeza la baridi maana sisi wa nyanda za juu tunalisahau. Mwili ukipoa mishipa inajikunja na presha inapanda, kwa hiyo Juni na Julai wazee wengi namba zao zinakuwa juu kuliko Novemba hata kama dawa ni zile zile. Mvalisheni mama soksi na sweta na kofia, maji ya kuoga ya moto. Ila lile jiko la mkaa analoingiziwa chumbani usiku kwa ajili ya joto litoeni, ule moshi usioonekana unaua, na kabla ya kuua unamharibia moyo na ubongo taratibu. Jiko la kuni nalo kama mnaweza kufungua dirisha au kutoboa sehemu ya juu moshi utoke, fanyeni.

Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima, chakula chote. Sasa mama anayesahau akitia chumvi mara mbili tatu ndo hapo presha inapanda zaidi na anasahau zaidi. Mdogo wako ashike yeye chumvi. Sio kwa kumnyang'anya mama jiko, mwacheni amenye ndizi, achambue mboga, apepete maharage, mikono yake bado inajua, ila chumvi na moto viwe vya mwingine. Na atembee kila siku, hata kama ni kwenda kuona chai na kurudi akiwa na mjukuu. Kikoba nacho asiachishwe kwenda, akae na wenzake wacheke, kujifungia ndani kunamaliza wazee haraka sana.

Msitu wa Mafinga

Nimeelewa tabibu, asante sana, nilikuwa nalichukulia kama mambo ya bahati nasibu. Naomba kuuliza, sisi wa miaka 38 huku tukianza sasa inasaidia au mpaka uzeeni?

Tabibu wa Kata

@Msitu wa Mafinga umri wako ndo wenyewe. Kwenye tafiti nyingi presha ya kati ya miaka 40 na 65 ndo inayoonyesha uhusiano mkubwa zaidi na dimenshia ya baadae, kuliko hata presha inayoanza mtu akiwa na 80. Ugonjwa wa Alzheimer nao unaanza kujijenga kwenye ubongo miaka mingi kabla mtu hajasahau kitu. Kwa hiyo dada yetu mwenye 44 aliye mpakani na wewe wa 38, nyie ndo mna nafasi kubwa kuliko mama. Pimeni angalau mara moja kwa mwaka, sio mpaka kichwa kiume, presha nyingi haziumi popote. Ulanzi punguza, na hii ninamwambia kila mtu wa Iringa, shida inakuja pale unapokuwa asubuhi mpaka jioni msimu mzima.

MwanaRungwe

Wakuu sijui niwashukuruje, ndaga fijo. Nimemsomea kaka mkubwa majibu yote kwenye simu, pale pa BintiMakete alinyamaza muda mrefu halafu akasema basi twende tukampime huo umeme wa moyo. Shangazi bado, ila amesema atasubiri kwanza aone. Mchungaji wetu nitaongea naye mwenyewe.

Kuanguka kweli mama alianguka bafuni kipindi cha Pasaka, hatukuona kidonda tukapuuzia, hilo nitalisema kwa daktari. Na mdogo wangu amekagua kabatini amekuta Piriton karatasi nzima nzima.

Swali la mwisho, gharama. Bima hana. Na kingine, dawa aliyopewa ni amlodipini, tangu aanze kuimeza kila siku miguu imevimba kwenye vifundo, sasa mama mwenyewe anasema mnaona nilivyowaambia, dawa imeharibu figo, jana amekataa kumeza.

Tabibu wa Kata

Kuhusu gharama, ana zaidi ya miaka 60, kwa sera ya nchi mzee asiye na uwezo anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Aanzie ofisi ya kijiji kwa mtendaji apate utambulisho, ustawi wa jamii hospitalini wanasaidia pia, na sehemu nyingi kuna dirisha la wazee hapangi foleni na wengine. Kuna siku dawa inakuwa haipo, siwezi kukuficha, ila amlodipini na losatani ni dawa za presha za bei ya chini hata dukani. Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ndo kina gharama, lakini kwa sababu alianguka na usahaulifu unaongezeka, muulizeni daktari kama aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya mjini, msikae nalo.

Nesi Mstaafu

Hiyo miguu mwanangu ni dawa yenyewe, mara nyingi sio figo. Amlodipini inalegeza vimishipa, maji yanatua kwenye vifundo, jioni miguu imejaa asubuhi imepungua. Ndiyo sababu kubwa ya wamama kuacha dawa kimya kimya, wanadhani wanakufa figo. Lakini msilikisie nyumbani, kwa sababu moyo ulioshindwa kusukuma nao unavimbisha miguu, angalieni kama anahema akilala chali au akipanda kamwinuko kadogo. Mrudisheni klinik wiki hii, waambieni miguu imevimba, wampime figo kwa damu na mkojo ili mama mwenyewe aambiwe majibu yake kwa mdomo wa daktari, watampunguzia dozi au watambadilishia. Asikae bila dawa kabisa huku mkisubiri, kama ana losatani au nyingine aliyoandikiwa zamani msimpe kwa kukisia, pigeni simu kituoni muulize. Na siku mkienda bebeni vidonge vyote alivyonavyo kwenye mfuko, hata vile vya dukani.